Anayechimba Mtaro Naye ni Mfadhili

(Mada ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Nimeombwa nizungumze juu ya madaraka na uwajibikaji katika jamii inayopima kila kitu kwa fedha. Jambo hili si geni kwetu. Februari 1967 nchi yetu ilitangaza Azimio la Arusha. Azimio lilisema ili tuendelee tunahitaji vitu vinne: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haikuwemo. Ilihesabiwa kuwa ni tunda la kazi, siyo msingi wa maendeleo.

Azimio liliweka pia miiko ya uongozi. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 miiko hiyo ililegezwa na chama tawala kule Zanzibar. Tunaweza kubishana kama ilikuwa mikali mno, lakini swali lake bado lipo: mtu akishika fedha na madaraka kwa pamoja, nani atamuuliza?

Tulilete swali hilo nyumbani. Chukueni mradi wa maji ya mtiririko. Mfadhili analeta mabomba na saruji. Wananchi wanachimba mtaro na kusomba mawe na mchanga. Kila robo mwaka ripoti inakwenda kwa mfadhili pamoja na stakabadhi zote. Lakini mama aliyechimba mtaro hasomewi hesabu. Akiuliza fedha za ndoo zinakwenda wapi, anajibiwa, "Kwani wewe ulitoa nini?"

Hapo ndipo penye kasoro. Uwajibikaji unaifuata fedha ilikotoka, na aliyetoa jasho anahesabiwa kuwa hakutoa kitu. Matokeo yake watu wanaacha kuchangia, koki ikiharibika hakuna wa kuinunua, na mama anarudi mtoni na ndoo yake. Mali bila daftari huisha bila habari.

Hata katika harambee zetu, mwenye bahasha nene hutangazwa kwa kipaza sauti, na baadaye huyo huyo huingizwa kwenye kamati. Bwana Yesu alipoketi kuielekea sanduku ya hazina hakuhesabu hivyo. Alimwona mjane mwenye senti mbili.

Napendekeza mambo manne:

1. Nguvu kazi iandikwe siku kwa siku kwenye daftari la mradi, ithaminiwe na kuingizwa katika hesabu kama mchango.

2. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya washarika na wanakijiji, yabandikwe ubaoni, kabla ripoti haijapelekwa kwa mfadhili.

3. Mjumbe achaguliwe kwa uaminifu wake, siyo kwa mfuko wake. Mweka hazina asiwe ndiye anayeuzia mradi vifaa.

4. Ninyi wafadhili, kabla ya kutuma awamu inayofuata, ulizeni kama wananchi wamesomewa hesabu. Swali lenu lina nguvu. Litumieni kwa faida ya asiye na nguvu.

Fedha tunaihitaji, wala tusijidanganye. Lakini iwe mtumishi. Kauli ibaki kwa watu wote, aliyetoa bomba na aliyetoa jembe.