Maharagwe ya Kopo Bila Kopo

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi katika kikao cha jioni)



Wanangu, mwezi huu daku la wengi wenu ni mkate na maharagwe ya kopo. Sisemi ni vibaya. Lakini kopo moja watu wawili wamelimaliza, na nusu kilo ya maharagwe makavu hutoa zaidi ya kilo moja yaliyopikwa. Tena msomage karatasi ya kopo kabla ya kununua. Mapishi haya yana sifa sana kule Boston, Marekani, na kwa desturi yao huyapika kwa molasi na nyama ya nguruwe. Makopo mengi siku hizi hayana nyama, lakini uliyopika mwenyewe huna shaka nayo kabisa.

Basi tupike. Ukimaliza daku, chagua nusu kilo ya maharagwe meupe, uyaoshe, uyaroweke kwa maji mengi. Baada ya adhuhuri mwaga maji hayo, tia mapya. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo upunguze moto. Hizo dakika 10 msizichezee! Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Ukiyala hayajaiva utatapika na kuendesha, na kesho saumu ikushinde.

Sasa yaache kwa moto mdogo, saa moja hadi moja na nusu, mpaka ukiliminya moja kwa vidole lipondeke. Nyanya bado! Mwaka mmoja mimi nilifanya haraka, nikatia nyanya mwanzo. Adhana ya magharibi ikalia, maharagwe mawe matupu. Watoto wakafuturu kwa tende na chai. Ule ukali wa nyanya huyazuia kulainika.

Yakishaiva, kaanga kitunguu kimoja na punje tatu za thomu. Tia nyanya 6 zilizosagwa, kijiko kimoja cha sukari guru, siki kidogo na chumvi. Rojo likiwa zito, mimina maharagwe na maji yake kidogo. Huna oveni? Funika sufuria kwa sinia la bati, palia makaa juu, chini yabaki machache. Nusu saa hivi yatakuwa tayari.

Yakipoa, yanayobaki tia kwenye friji, na wakati wa daku uyapashe mpaka yachemke.

Na nyinyi wavulana, msiwaachie dada zenu pekee. Kuroweka maharagwe kwashinda nani? Mwaona wenyewe, hapa hakuna ujanja, ni subira tu, na subira ndiyo tunayojifunza mwezi mzima. Anayeweza kungoja magharibi hashindwi kungoja sufuria.