TAA MOJA, SWICHI MBILI
(Maneno ya mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa tawi)

Nimeombwa niseme juu ya taa ya ujia wa nyumbani. Masomo yangu yaliishia shule ya msingi ya misheni, lakini jambo hili nimelijua kwa mikono, na kwa machungu pia.

Wengi wetu twafanya kazi za zamu. Warudi saa nane ya usiku, ujia ni giza, na swichi iko mwisho wa pili, karibu na jikoni. Mimi nilijikwaa kwenye ndoo, mke wangu akapiga kelele za mwizi. Basi nikamwita fundi mmoja wa bei rahisi, akatia swichi ya pili mlangoni. Taa ikawaka na kuzimika huku na huku, tukamsifu.

Baadaye glopu iliungua. Mwanangu akabonyeza swichi, akapanda kiti kuibadilisha. Mkono mmoja ulikuwa ukutani penye unyevu, wa pili ukagusa ndani ya kishikio. Stima ikamtupa chini, mkono ukavunjika. Kumbe fundi alipitisha swichi katika waya wa kurudi, akauacha waya wenye moto uende taani moja kwa moja. Taa yaweza kuwa imezimika, na volti 240 zingali pale juu.

Sasa sikilizeni jinsi ipasavyo. Swichi ya kawaida ina skrubu 2. Ya kazi hii ina 3: moja ni mama, mara nyingi imeandikwa COM, na mbili ni watoto, L1 na L2.

Ninyi wa pointi mtanielewa upesi. Njia moja ya reli yafika pointi, yagawanyika njia mbili, kisha zakutana tena kwenye pointi ya pili. Gari litapita tu kama pointi zote mbili zimeelekea njia ile ile. Geuza pointi moja, yo yote, njia imekatika. Geuza moja tena, yo yote, imefunguka. Stima ni vivyo hivyo. Moto waingia kwa mama wa swichi ya kwanza. Waya mbili zatoka kwa watoto wake kwenda kwa watoto wa swichi ya pili. Kwa mama wa pili, moto waenda taani. Waya wa kurudi haupiti swichi yo yote.

Yashikeni haya manne:

1. Taa ya swichi mbili haina upande wa kuzima. Swichi iliyo chini leo ni kuwaka, kesho ni kuzimika. Kwa hiyo hata kwa kubadili glopu tu, zima meni swichi.

2. Ukiisha kuzima, toa fyuzi uitie mfukoni mwako, mwingine asije akairudisha. Kisha pima kwa testa, ambayo umeijaribu kwanza penye moto.

3. Usiamini rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi, mpya zina kahawia na buluu. Lakini kati ya swichi mbili, hata ile nyeusi au buluu yaweza kuwa na moto.

4. Moto na waya wa kurudi vitoke katika fyuzi moja. Ukiazima waya wa kurudi wa fyuzi nyingine, utatoa fyuzi moja ukidhani u salama, na waya huo ukuue.

Sikusema haya ili kila mtu ashike bisibisi. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 yataka fundi mwenye leseni. Nimesema ili mjue la kumwuliza kabla ya kumlipa: "Umekata waya gani?" Na kama nyumba ni ya mwajiri, usiguse. Leta barua kwa katibu wa tawi, tudai pamoja. Mwanga wa ujia si anasa kwa mtu wa zamu ya usiku.

Nilitafuta fundi rahisi. Mkono wa mwanangu ulilipa tofauti ya bei.