Jeki ya Trekta Ikivuja Mafuta: Kitafutwe Kilichoikata Raba



Kisiwa cha Takawiri kimo katika Ziwa Victoria, kati ya Rusinga na Mfangano, na watu wake hujulikana kwa nyavu na omena kuliko kwa kulima. Huenda mtu akauliza kwa nini mazungumzo juu ya trekta yaanzie mahali ambapo trekta ni kitu adimu. Sababu yake ni fundi wa injini za boti.

Fundi huyo akiletewa injini ambayo mafuta yake ya gia yamegeuka rangi ya chai ya maziwa, hajui tu kwamba maji yameingia ndani. Ajua na pa kutazama. Huondoa pangaboi, na mara nyingi hukuta uzi wa nailoni wa nyavu umejizungusha juu ya ekseli, ukajikaza, ukaingia mpaka kwenye raba ya kuzuia mafuta na kuikata. Aliye fundi kweli huutoa uzi huo kwanza, akapapasa ekseli kwa kidole, ndipo atie raba mpya. Asiye fundi hutia raba mpya na kuuacha uzi, na haipiti wiki mbili ila mwenye boti arudi na injini begani.

Basi jambo hili hili ndilo lililo katika jeki za trekta ng'ambo ya maji, katika bonde la Lambwe, na kusini zaidi katika nchi ya miwa ya Migori, ambako kiwanda cha sukari cha Awendo kilianza kusaga miwa mwaka 1979. Trekta nyingi za huko ni za umri mkubwa. Massey Ferguson 135, kwa mfano, ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na zingali nyingi zifanyazo kazi Afrika Mashariki, zikivuta plau na trela. Chuma cha trekta kama hizo ni kigumu na kingali kizima. Kinachochoka kwanza ni raba. Jeki ikianza kuvuja, mwenye trekta hulalamika juu ya bei ya raba, kumbe raba ni shahidi tu wa jambo lililotendeka mahali pengine.

Yafaa kwanza ieleweke jeki yenyewe ni nini. Ni bomba nene la chuma, ndani yake mna pistoni, na kwenye pistoni imefungwa fimbo ing'aayo itokayo nje kupitia kifuniko cha mbele. Pampu ya trekta husukuma mafuta ndani ya bomba, pistoni husogea, na fimbo huinua plau au sanduku la trela. Nguvu yake yashangaza. Bomba ambalo upana wake wa ndani ni inchi 3, likitiwa mafuta yenye msukumo wa pauni 2,000 kwa kila inchi ya mraba, huinua uzito upitao tani 6. Gurudumu la motakaa, kwa kulinganisha, hujazwa upepo wa pauni 30 hivi tu.

Mwingereza Joseph Bramah alipopata hati ya ubunifu wa mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji mwaka 1795, shida yake kubwa haikuwa kupata nguvu bali kuzuia kuvuja. Dawa iliyopatikana ilikuwa kikombe cha ngozi, ambacho kadiri msukumo ulivyozidi ndivyo ukingo wake ulivyojibana juu ya chuma. Raba za leo zimefuata shauri lile lile. Ukingo wa raba huelekezwa upande wa mafuta, ili mafuta yenyewe yaibane. Akiitia mtu raba hiyo kinyume, hata ikiwa mpya na ya bei kubwa, itavuja siku ya kwanza.

Sasa, kabla ya spana kushikwa, liko neno moja la hatari. Trekta ivujayo haitazamwi kwa kuingia chini ya plau au trela iliyoinuliwa. Mzigo unaoshikiliwa na mafuta peke yake waweza kuanguka wakati wowote, na raba iliyokwisha kuanza kuvuja haina ahadi. Plau hushushwa mpaka chini, injini huzimwa, kisha mkono wa kuinulia husukumwa mbele na nyuma mara kadhaa ili msukumo uliobaki utoke. Ikiwa hapana budi sanduku la trela libaki juu, huwekewa nguzo imara ya chuma au gogo nene la mti. Tofali na jiwe hupasuka.

Hatari ya pili haionekani kwa macho. Tundu dogo kama ncha ya sindano katika mpira wa mafuta hutoa mchirizi mwembamba wenye nguvu ya kupenya ngozi ya binadamu. Kwa hiyo uvujaji haupapaswi kwa mkono maadamu injini yafanya kazi. Hutafutwa kwa kipande cha ubao au cha boksi. Aliyepigwa na mchirizi huo huona kidonda kidogo sana, pengine bila maumivu makali, akafunga kitambaa na kuendelea na kazi. Hilo ni kosa linaloweza kumgharimu kidole au mkono mzima. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe wazi kwamba ni mafuta ya mashine yaliyoingia chini ya ngozi.

Baada ya hayo, fundi hutazama mafuta yatokea wapi. Yakionekana kwenye fimbo, mahali inapopita katika kifuniko, raba ya mbele imeharibika. Lakini mara nyingine plau hushuka yenyewe polepole na hakuna hata tone nje. Hapo mafuta huenda yanapita kando ya pistoni ndani ya bomba, au yanarudi kupitia vali, na si haki kuilaumu jeki kabla ya kupima. Jeki isukumwayo na mafuta upande mmoja tu huwa na tundu la kupumulia upande wa pili. Mafuta yakitoka katika tundu hilo, raba ya pistoni imekwisha. Trekta za ukoo wa Ferguson zina fumbo lao: jeki ya kuinulia plau imefichwa chini ya kiti, ndani ya sanduku la mafuta, na inapovuja mafuta hudondokea humo humo. Katika trekta hizo mafuta ya jeki ndiyo mafuta ya gia na ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo uchafu wa mahali pamoja ni uchafu wa pote.

Jeki ya nje hufunguliwa baada ya kuoshwa kwa brashi na dizeli, na kukaushwa. Wengi huliruka jambo hili kwa haraka ya msimu, maana mvua za masika hazingoji fundi. Walakini chembe moja ya mchanga ikiingia ndani hufanya kazi ya tupa. Midomo ya mipira huzibwa kwa vizibo safi, wala si kwa matambara yanayoacha nyuzi. Jeki hubanwa katika jiliwa kwa vipande vya mbao, kifuniko kikafunguliwa, na fimbo ikavutwa kwa mkono. Wako mafundi wanaoitoa pistoni kwa upepo wa kujazia magurudumu. Pistoni itokayo kwa upepo hutoka kama risasi, na ufundi wa namna hiyo haufai kufundishwa kwa kijana yeyote.

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Fimbo ikisha futwa, hupitishiwa ukucha kutoka ncha moja hadi nyingine, kuizunguka pande zote. Mahali ukucha unapokwama, ndipo raba ilipokatwa, na hata raba mpya itakatwa papo hapo. Kwato ndogo iliyoinua ukingo wa chuma huweza kusawazishwa kwa kinoo laini chenye mafuta, ikasafishwa vizuri. Lakini kutu iliyochimba vishimo chini ya kromi haiponi kwa msasa. Fimbo ya namna hiyo yahitaji kupakwa kromi upya katika karakana yenye vyombo, au kubadilishwa. Fimbo iliyopinda, hata kidogo, husugua raba upande mmoja. Hubiringishwa juu ya meza ya chuma iliyonyooka, na mwanga ukionekana chini yake ukija na kutoweka, imepinda.

Na kutu hiyo yatoka wapi? Aghalabu yatoka katika kuegesha. Trekta hulazwa nje miezi mingi, fimbo ikiwa imechomoza yote, mvua ikainyeshea na udongo ukakauka juu yake. Msimu ufikapo, fimbo yenye kutu huvutwa ndani kwa nguvu ya pampu, na raba hukwaruzwa kama kwa randa. Ikiegeshwa fimbo ikiwa ndani, au ikipakwa grisi mahali isipoweza kuingia, hasara hiyo haipo. Raba ndogo ya nje kabisa, ambayo kazi yake ni kufuta vumbi fimbo inaporudi, nayo hudharauliwa kwa sababu haizuii mafuta; ikisha pasuka, vumbi lote la shamba hupata njia. Bomba nalo hutazamwa ndani kwa tochi. Mistari mirefu ya mikwaruzo yaonyesha kwamba kuna kitu kigumu kilichokuwa kikiburutwa na pistoni.

Kununua raba kuna mitego yake. Raba ya zamani ikikaa miaka katika mafuta huvimba au husinyaa, kwa hiyo kupima hiyo peke yake hudanganya. Hupimwa fimbo, hupimwa bomba, hupimwa na upana na kina cha mfereji inamokaa raba, na vipimo vyote huandikwa. Mashine za Kiingereza za zamani zilitengenezwa kwa inchi, na raba ya milimita iliyokaribiana nayo huonekana kuwa imekaa sawa mpaka mzigo uinuliwe.

Tena ipo desturi ya kukata pete kutoka mpira wa ndani wa gurudumu. Katika dhiki, mtu hufanya awezalo, na haifai kumcheka. Lakini mpira wa namna hiyo haukufanywa kwa kukaa katika mafuta ya mashine. Huyanywa, hulegea na kuvimba, na vipande vyake huenda kuziba vali, ambayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya raba iliyokwepwa. Mafuta ya breki vilevile si badala ya mafuta ya jeki. Raba zifaazo mafuta ya trekta huharibiwa na mafuta ya breki, na raba za breki huharibiwa na mafuta ya trekta.

Raba mpya hupakwa mafuta safi yale yale yatakayotumika. Ikiwa ngumu, hulowekwa kidogo katika mafuta ya vuguvugu ili ilainike, kisha ikatiwa kwa vidole au kwa kijiti kilicholainishwa, wala si kwa ncha ya bisibisi. Meno ya skrubu kwenye ncha ya fimbo hufungwa plastiki nyembamba kabla raba kupitishwa juu yake, maana raba nyingi hukatwa mikononi mwa fundi kabla ya kuonja kazi.

Mafuta ya zamani hutazamwa katika chombo cheupe. Yakiwa na rangi ya maziwa yana maji, na yakimeremeta yana unga wa chuma. Hayarudishwi, na chujio husafishwa au hubadilishwa. Wala hayamwagwi mferejini. Mvua huyachukua mpaka mtoni, na mito ya nchi hiyo huingia ziwani, katika maji ambayo watu wa Takawiri wayavua na kuyateka. Hutiwa katika debe lenye kifuniko na kupelekwa kwa wanaoyakusanya. Uvujaji wenyewe haumwagi kidogo: tone moja kwa kila sekunde, yakihesabiwa matone 20 kwa mililita, ni zaidi ya lita 4 katika siku moja ya saa 24.

Jeki ikisha rudishwa, mafuta hujazwa fimbo ikiwa ndani. Akijaza mtu fimbo ikiwa nje, itakaporudi mafuta yatafurika. Injini huendeshwa polepole, na jeki huinuliwa na kushushwa mara kadhaa bila mzigo hadi upepo utoke na fimbo iache kurukaruka. Kisha kipimo hutazamwa tena, maana mafuta yatakuwa yamepungua.

Baada ya siku ya kwanza ya kulima, fimbo huonekana ina utando mwembamba wa mafuta. Huo si uvujaji, nao huikinga fimbo na kutu. Lakini tone likijikusanya chini ya kifuniko na kudondoka, jeki hufunguliwa tena, na ukucha hupitishwa juu ya fimbo mara ya pili, polepole zaidi kuliko mara ya kwanza.