Hoja ya Kisheria na Haki ya Mlipakodi



Mlipakodi wa Tanzania anayepinga makadirio ya kodi ya mapato huanza kwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ambako hutakiwa kuwasilisha pingamizi ndani ya siku 30. Asiporidhika huenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Huko juu Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, inaweka mpaka: zitasikilizwa hoja za kisheria pekee. Jioni ya leo nitautetea mpaka huo, kisha nitataja sharti lake.

Chukueni kampuni iliyodai kupunguziwa kodi kwa sababu iliilipa kampuni mama ada ya ushauri. Je, fedha zililipwa? Ushauri ulitolewa kweli? Hayo ni ya ushahidi: mikataba, ankara, taarifa za benki, maneno ya mashahidi. Je, malipo ya namna hiyo yanahesabika kuwa gharama iliyotumika kuzalisha mapato, kama Sheria ya Kodi ya Mapato inavyodai? Hapo tumeingia kwenye sheria.

Ugumu ni kwamba maswali haya mawili hayakai mbalimbali. Uingereza ililiona hilo katika shauri la Edwards dhidi ya Bairstow, lililoamuliwa mwaka 1955 na House of Lords, wakati huo mahakama yake ya juu kabisa. Watu wawili walinunua mitambo ya kusokotea nyuzi, wakaiuza vipande vipande kwa faida. Makamishna wa kodi waliosikiliza ushahidi walisema hiyo haikuwa shughuli ya kibiashara. House of Lords ikatengua uamuzi huo: ukweli uliothibitishwa ulikuwa na hitimisho moja tu la busara, nalo lilikuwa kinyume na la makamishna. Kosa la namna hiyo, walisema, ni kosa la kisheria.

Mahakama yetu ya Rufani ilifuata mwelekeo huohuo katika shauri la Atlas Copco Tanzania dhidi ya Kamishna Mkuu wa TRA. Ilieleza kwamba hoja ya kisheria ni tafsiri ya Katiba, sheria, kanuni au msingi wa kisheria unaohusu kodi. Ni namna Baraza lilivyoutumia msingi huo juu ya ushahidi uliopo. Na ni hitimisho lililofikiwa bila kuuchambua ushahidi, au lisilo na ushahidi wowote, au potofu kiasi kwamba hakuna baraza lenye busara lingelifikia. Nje ya hayo, majaji hawaupimi ushahidi upya.

Nauunga mkono msimamo huo. Bodi ndiyo iliyomwona shahidi akihojiwa. Majaji wa juu wana makaratasi tu. Tena kodi ni fedha ya hospitali na barabara, na mgogoro usiokwisha humwumiza mlipakodi na Serikali pia.

Lakini mpaka huu ni wa haki pale tu ambapo ngazi za chini zimefanya kazi yake kikamilifu. Sheria inamtwisha mlipakodi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yamekosewa. Bodi ikikosea kupima risiti zake, na Baraza likapita juu kwa juu, anabaki na hasara ambayo hakuna wa kuirekebisha, isipokuwa kosa hilo lifikie kiwango kilichotajwa katika Atlas Copco.

Kwa hiyo naiomba Bodi iandike kila suala la ushahidi waziwazi: lipi limethibitishwa, kwa kielelezo kipi, na kwa nini shahidi fulani hakuaminiwa. Baraza liuchambue ushahidi huo lenyewe. Mawakili watoe vielelezo vyote mapema, wasitegemee kuja kuvieleza mbele ya majaji watatu wa rufani. Na ninyi wanafunzi wa sheria, jifunzeni kusoma vitabu vya hesabu kama mnavyosoma vifungu, kwa maana mashauri mengi ya kodi hushinda au kushindwa kwenye Bodi.