Akufaaye kwa Dhiki: Mafunzo ya Urafiki kutoka Filamu ya "Nairobi Half Life"

(Mada kwa vijana na wazazi, Ndalu)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu hali ya kuwa wengine tuliofunga nao mwaka jana wametangulia mbele ya haki. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, mada yangu ni urafiki. Najua tayari umeanza kunung'unika moyoni, "Haya tumeyasikia, kila siku ni marafiki wabaya, marafiki wabaya." Ni kweli tumeyasikia, madrasa, shuleni na nyumbani. Lakini leo hebu tuingie kwa mlango mwingine, mlango wa filamu, tena filamu ya hapa hapa kwetu Kenya.

Kwanza neno kwa wazazi. Siji kuwaambia vijana wakeshe usiku wa Ramadhan wakitazama filamu badala ya tarawehe. La hasha! Na filamu hii si ya kuketi nayo na watoto wadogo, maana ina matusi, ina damu, na ina mambo ya aibu. Lakini vijana wakubwa wengi wameshaitazama, kwenye simu na kwenye vibanda vya video. Basi kuliko kujifanya hatujui, afadhali tuizungumze.

Inaitwa "Nairobi Half Life", nayo ilitoka mwaka 2012. Aliyeiongoza ni Mkenya, David "Tosh" Gitonga. Ilitokana na mafunzo ya utengenezaji filamu yaliyofanyika Nairobi, akiwemo mwongozaji wa Kijerumani, Tom Tykwer, kama msimamizi. Kijana Joseph Wairimu, aliyeigiza mhusika mkuu, alipewa tuzo ya mwigizaji bora mwaka huo huo katika tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini. Tena ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha ya kigeni. Na lugha yake ni ile tunayoisikia kila siku stendi: Kiswahili, Sheng, na lugha ya nyumbani.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwas ni kijana wa mashambani anayeishi kwa wazazi wake. Anauza filamu za kigeni, na ili apate wateja huwaigizia mbele ya macho yao. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Siku moja linakuja kundi la waigizaji kutoka Nairobi, na mmoja wao anamwambia atamsaidia akitoa shilingi 1000. Mwas ana 500 tu. Anaambiwa nyingine 500 azilete Nairobi. Mama yake anampa pesa za safari. Binamu yake, Dingo, ambaye ni mkubwa wa wahalifu, anampa mzigo wa redio ya bei na pesa, azifikishe katika duka moja mjini. Kijana anapanda gari.

Siku ya kwanza tu Nairobi, anaibiwa kila kitu. Za mama zimeenda, na mzigo wa Dingo umeenda. Kabla hajakaa sawa anajikuta korokoroni. Huko ndani ndipo anapokutana na Oti, aliyeigizwa na Olwenya Maina, mwigizaji aliyefariki mwaka 2022. Oti ni mwizi. Lakini Oti ndiye anayemfanya rafiki, na ndiye anayempeleka mtaani kwake, Gaza, na kumwingiza katika genge lake. Kazi yao ni kuiba vipuri vya magari. Baadaye, ili Mwas alipe deni la Dingo, wanapanda daraja kutoka vipuri hadi kunyang'anya magari mazima. Na wakati huo huo Mwas amepata nafasi katika mchezo wa kuigiza. Huku anafanya mazoezi na watu wa jukwaani, kule anatembea na genge. Mwisho wake sitakusimulia, lakini ukiona mtu amepanda farasi wawili, ujue hatafika mbali.

Sasa tuje kwenye hoja. Sisi Waswahili tuna methali kila mtoto anaijua: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Hebu ipime kwa Mwas. Ni nani alimfaa kwa dhiki? Yule mwigizaji aliyemtoza shilingi 1000? Dingo, wa damu yake, aliyemtwika mzigo? Askari wa korokoroni? Watu waungwana wa mjini waliopita na shughuli zao? Hapana. Aliyemfaa ni Oti. Kwa kipimo cha methali yetu, Oti mwizi ndiye rafiki.

Hapo ndipo filamu hii inapotuzidi wengi wetu tunaotoa mawaidha. Sisi huwachora marafiki wabaya kama mashetani wenye pembe. Kijana akienda mjini akimtafuta yule mwenye pembe hamuoni. Anamuona mtu mcheshi, mkarimu, anayemgawia chakula na kumwonyesha pa kulala. Anasema, "Aah, kumbe wazee walikuwa wanatutisha tu." Ubaya wa Oti hauko katika moyo wake kwa Mwas. Uko katika bei ya wema wake. Siku atakapokuita twende, utasema nini, nawe umekula chake na kulala kwake?

Tazama kamba zinazomvuta huyu kijana. Kamba ya kwanza ni damu, binamu yake Dingo anadai deni. Ya pili ni fadhila, Oti alimwokota alipoanguka. Ya tatu ni ndoto yake, jukwaa na watu wanaomtarajia afike kwa wakati. Ya nne ni moyo, kwa sababu anaanza kumpenda Amina, naye Amina ni msichana wa Oti. Kila kamba inasema, "Ukiniacha, wewe si mwaminifu." Na kila akiridhisha mmoja anamhini mwingine. Ukitumikia uaminifu usiokuwa na kipimo juu yake, ndivyo unavyopasuka.

Kipimo ni nini basi? Kipimo ni haki. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimama na uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu au jamaa zetu. Ikiwa mzazi hatangulizwi mbele ya haki, itakuwaje mtu wa genge? Na Mtume (S.A.W.) aliwafundisha maswahaba wamnusuru ndugu yao akidhulumiwa, na hata akiwa yeye ndiye dhalimu. Wakashangaa, huyo wa pili atanusuriwaje? Akawaeleza kwamba ni kwa kumzuia asidhulumu. Subhanallah! Yaani kumshika rafiki mkono asiibe ni katika haki zake juu yako, wala si usaliti.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiwa na Oti wako, usiseme hunidai kitu. Anakudai. Mlipe shukrani, mlipe dua, mlipe ukweli, na siku ukipata, mrudishie chakula chake mara mbili. Akiugua mtembelee. Akifungwa, mpelekee sabuni na umtazame mama yake. Lakini mkono wako katika dhulma hakuununua, hata angekulisha mwaka mzima. Deni la wema hulipwa kwa wema, halilipwi kwa kioo cha gari ya mtu aliyeihangaikia.

Kwani kioo cha gari ni cha nani? Kwenye filamu utacheka, maana wale vijana ni wepesi kama paka. Lakini mwenye gari pia ni mtu. Huku kwetu tufananishe na bodaboda. Kijana amechukua pikipiki kwa mkopo, anaamka kabla ya alfajiri, na kila siku kuna pesa za watu anazopaswa kupeleka. Ikiibwa, mkopo haukuibwa pamoja nayo. Kumbe anayesema "nilimsaidia tu rafiki yangu" amemsaidia mmoja na kuiangusha nyumba nzima.

Labda utasema, vijana wana haja ya kuwa na kundi, mtu hawezi kuishi peke yake. Naam, nakubali. Hata Mtume (S.A.W.), akiwa kijana kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya watu wa Makka katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alikuwa amedhulumiwa mali yake na mkubwa mmoja wa Kikuraishi, naye hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Watu wakaapa kuwa kitu kimoja na mdhulumiwa mpaka apate haki yake, awe mwenyeji au mgeni. Yaliitwa Hilful Fudhul, na Mtume baadaye, katika Uislamu, aliyataja kwa sifa. Kumbe kuapa na wenzako si tatizo. Genge la Oti lina umoja, lina siri, lina kufa na kuzikana. Hilful Fudhul nayo ilikuwa na umoja. Tofauti ni kwamba hawa walikusanyika ili mgeni arudishiwe chake, na wale wamekusanyika ili mgeni anyang'anywe.

Na hapa nina neno kwetu sote, wazazi na viongozi wa vijana. Oti alimpata Mwas kwa sababu moja: alifika kwanza. Angefika mwingine kabla yake, pengine filamu isingekuwepo.

Vijana wetu wa Ndalu, wa Tongaren, wa Kiminini, wanaondoka kila mwaka. Kutoka Kitale hadi Nairobi ni takribani kilomita 380. Mtoto anabeba begi, unga kidogo, na namba ya mtu aliyesema "ukifika nipigie". Akifika anapiga, simu haishikwi. Usiku unaingia. Je, nani atafika kwanza?

Soma Surat at-Tawba, aya ya 60, pale walipotajwa wanaostahiki zaka. Ni mafungu manane. Miongoni mwao yumo mwenye deni lililomlemea, na yumo msafiri aliyekatikiwa njiani. Sasa mtazame Mwas usiku wake wa kwanza Nairobi. Ana deni la Dingo asiloweza kulilipa, na ni msafiri asiye na nauli ya kurudi kwa mama. Mtoto wetu akifikwa na hali hiyo, amesimama katika mafungu mawili kwa wakati mmoja! Dini iliona hatari hii zamani. Sisi zaka zetu tunazigawa kijijini, na ni vizuri, maskini wapo. Lakini yule aliyekwama stendi ya mbali, ambaye pia ni wetu, nani anamkumbuka?

Napendekeza mambo matatu, mepesi kabisa.

La kwanza, kijana yeyote asiondoke bila ya msikiti wake kujua. Apewe namba za watu wawili, si mmoja, na hao wawili wapigiwe simu kabla hajapanda gari. Wengine wetu tunasoma vyuo vya huko, kumpokea mwenzetu si kazi kubwa. Na aelekezwe msikiti wa karibu na atakaposhukia. Katikati ya jiji Msikiti wa Jamia unajulikana, hata mgeni akiuliza ataonyeshwa.

La pili, mzazi, mwambie mwanao kabla hajatoka: "Ukiibiwa, ukikosa kazi, ukishindwa, rudi. Hatutakucheka." Vijana wengi hawabaki mjini kwa kupenda. Wanabaki kwa kuogopa kurudi mikono mitupu baada ya mama kutoa akiba yake. Aibu hiyo ndiyo inayomfanya Oti aonekane mwokozi.

La tatu, usibebe mzigo wa mtu usioujua. Mwas alibeba mzigo wa Dingo kwa sababu Dingo ni binamu, na deni la mzigo ule likamfunga shingo hadi mwisho. Ukipewa bahasha au mkoba, uliza ni nini, ni cha nani, na kikipotea nani atadaiwa. Anayekataa kujibu, mrudishie mzigo wake kwa adabu.

Ndugu zangu, tusiwadharau akina Oti. Wengine wao walishuka stendi ile ile, na kwao pia hakuna aliyefika kwanza. Tuwaombee, na tukiweza tuwashike mkono watoke. Lakini methali yetu tuikamilishe tunapowafundisha wadogo zetu: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, maadamu hakutoi kwenye dhiki yako kwa kumtia mwingine dhikini.

Allah (S.W.) atutakabalie saumu zetu, awahifadhi vijana wetu walioko safarini, awarudishe salama waliopotea njia, na atujaalie marafiki wa kheri duniani na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.