Pesa za kaya masikini na daftari la deni dukani



Wanachama wa tawi, mama zetu, wazee wetu na vijana. Haya ndiyo tuliyozungumza Ijumaa tawini baada ya Alasiri. Wengi walikuwa baharini na kondeni, ndiyo maana tunayaleta hapa kwa maandishi. Tunaomba mtu asome mpaka mwisho kabla hajaanza kujibu.

Tulianza na duka moja. Hapa Gando tunalijua sote, na wengi wetu tumo ndani ya daftari lake. Mwenyewe katuruhusu tumseme, jina katukataza tulitaje, nasi tunaheshimu.

Mume wake alikuwa mvuvi. Alipoumia mgongo hakurudi tena baharini, nyumba ikabaki kutegemea mwani wa mama na msimu wa karafuu, ambao sote tunajua hauzai sawa kila mwaka. Watoto wanne. Mwaka 2015 jina lake likapita kwenye mkutano wa shehia, akaingia katika Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, ule uliozinduliwa nchini mwaka 2012. Malipo ni ya kila miezi miwili, na kwa kaya yake yalikuwa kiasi cha shilingi 32,000. Sehemu ya pesa hizo ina masharti: mtoto wa skuli ahudhurie si chini ya asilimia 80 ya siku za masomo, na mdogo apelekwe kliniki.

Malipo ya mwanzo yote yaliishia kwenye mchele na madeni. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu akatenga 8,000, akanunua sukari na sabuni za kipande, akaweka meza barazani kwake. Faida ya wiki ile haikufika hata kilo moja ya mchele, na jirani mmoja akamcheka. Akaendelea. Akaingia kikundi cha kuweka akiba, akakopa humo, akaongeza mafuta ya kupima, unga wa ngano, majani ya chai na vocha. Leo mtoto wake mkubwa keshamaliza Kidato cha Nne, na dawa za mume hazisubiri tena mtu wa kuwakopesha.

Sasa tusidanganyane. Ukigawa 32,000 kwa siku 60 unapata shilingi 533 kwa siku, kwa nyumba ya watu sita. Pesa hiyo hailishi nyumba. Tulimuuliza, basi imekusaidia nini? Akatujibu kwamba kwanza, ilikuwa inajulikana itakuja. Mwenye duka la jumla Wete alikubali kumpa mzigo kwa sababu alijua siku ya malipo atapata chake. Pili, mtoto alipougua hakulazimika kuula mtaji. Kwetu sisi hili la pili ndilo kubwa, kwa sababu tumeona viduka vingapi hapa vimefunguliwa na kufungwa ndani ya miezi mitatu? Havikufa kwa kukosa wateja. Homa moja ya mtoto inatosha kumaliza rafu.

Na faida haiishii nyumbani kwake. Kule Siaya, Kenya, baina ya 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly liligawa kama dola 1,000 kwa kila kaya, na kaya zilizopewa zilizidi 10,000. Watafiti hawakuangalia waliopewa tu, waliangalia na majirani wasiopewa, na maduka. Waliona kila dola iliyoingia ilizungusha kiasi cha dola mbili na nusu katika uchumi wa pale, na bei za vitu karibu hazikupanda. Zile zilikuwa pesa nyingi, zetu ni chache, kwa hivyo hesabu yao hatuichukui kama ilivyo. Lakini sababu ni ileile: aliyepewa alinunua kwa jirani, na jirani akanunua kwa mwengine.

Hapa kwetu inakuwaje? Siku ya malipo watu wanalipita duka la huyu mama, wanapanda gari kwenda kununua Wete, jioni wanarudi na mifuko. Kesho yake wanatuma mtoto kwake: "Mama anasema umwandikie kilo mbili." Alitusomea daftari. Deni lililo nje ni shilingi 214,000, na baadhi ya majina ni ya wajumbe wa kamati ya tawi hili. Tulinyamaza pale barazani.

Hatuna budi kusema na jengine. Baada ya uchaguzi wa marudio wa Machi 20, 2016, sisi Wapemba tulisusiana. Dukani, kwenye gari, hata mazikoni. Duka hili lilikuwa changa wakati huo, na kwa sababu ya bendera iliyokuwa juu ya nyumba ya kaka yake, watu wa tawi letu waliacha kununua kwake, na hakuna kiongozi aliyewakataza. Wapo pia waliosema kuwa kupokea pesa za kaya masikini ni kujiuza kwa chama kile. Hayo yalikuwa makosa yetu. Mwaka 2019 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 450 kwa kipindi cha pili cha mpango huu. Mkopo unalipwa na nchi, na watoto wetu wa bendera zote wataulipa. Anayepokea hapewi zawadi na chama chochote.

Angalieni Pensheni Jamii. Tangu ilipoanza mwaka 2016, mzee akifika miaka 70 anastahili, hapimwi umasikini wake, na ndiyo maana hatujasikia watu wakigombana kwa ajili yake. Mpango wa kaya unachagua. Pakiwa na kuchagua, pana manung'uniko na pana kuoneana.

Ndipo tunafika kwenye lililotuita. Kaya zinatathminiwa upya, na iliyoonekana imeinuka huambiwa imehitimu, inatoka. Kuna watu wameanza kusema kwa sauti kuwa huyu ana duka, atolewe. Sisi hatupingi mtu kutoka. Zipo nyumba hapa Gando zenye hali ngumu kuliko yake na hazimo kwenye orodha. Tunazijua, tuzitaje mkutanoni. Lakini anayekuja na fomu anaona rafu, haoni daftari. Shilingi 214,000 za mtaji wake zimo majumbani mwetu, tumeshazila. Akitolewa leo na deni hilo lipo nje, homa moja tu itamrudisha alikotoka, na tutakuwa tumemrudisha sisi.

Kamati imekubaliana kwamba wajumbe wake watalipa kwanza, kabla ya kumdai mwanachama yeyote afanye hivyo. Asiyeweza kulipa yote apeleke nusu na aseme nyengine lini. Mkutano wa shehia utakapoitishwa tuhudhurie, wanawake hasa, maana ndio wanaojua nyumba gani haikuwasha moto jana. Tuseme tunachokijua, na mtu wa tawi hili asithubutu kuuliza kadi ya mwenzake. Aliyekatwa pesa na wakala wakati wa kutoa malipo yake aje tawini na ujumbe wa simu aliotumiwa, tutafuatana naye kwa sheha.

Majina ya wanaodaiwa hatutayaleta kwenye kundi hili, na tunamuomba kila mtu asiyataje. Mwenye kujijua anajijua. Duka liko wazi mpaka Isha.

Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya Kamati ya Tawi,
Gando, Pemba.