Vyuma Chakavu na Kalamu ya Serikali

Januari 2022, baada ya minara ya umeme, iliyodaiwa kuibwa vyuma vyake, kuanguka Nairobi na sehemu kubwa ya Kenya kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu. Marufuku hiyo ilidumu hadi Mei. Lakini sheria ya kuidhibiti biashara hiyo ilikuwapo tangu 2015, tena ikiwa na baraza lake la kutoa leseni. Kilichopungua ni usimamizi, na gharama ya uzembe huo ikamwangukia mwokotaji wa mitaani, ambaye hula anachouza siku hiyohiyo na hana ghala la kuwekea mali akingoja serikali ibadili nia.

Watetezi wa marufuku watasema gridi ya taifa si jambo la kuchezewa, na kwamba aliyekata nguzo alikuwa na soko linalomngoja. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu ya kulibana soko badala ya kulifunga. Waokotaji wako kila kichochoro. Viwanda vya kuyeyusha chuma ni vichache, vina anwani, vina vitabu vya hesabu, na chuma cha wizi kisipopokelewa huko hakina faida kwa mtu. Leseni nazo zikiwa ghali, wadogo watauza kwa magendo, na hapo mkaguzi hatakuwa na cha kukagua. Basi serikali imshushie mwokotaji ada, na ukaguzi uanzie kwenye lango la kiwanda.